Mvua Imenyesha Paa la Nani?

Saa kumi na mbili kasoro alfajiri, mlango unagongwa kama kuna msiba. Natoka na msuli, namkuta Mama Zuhura kapanga ndoo nne barazani.

"Baba Sele, umeamkaje? Nimefuata maji yangu."

Maji yake!

Wenzangu wa hizi kota za Temeke mnanielewa. Nyumba pacha: ukuta wa kati mmoja, paa moja, siri hakuna. Akipiga chafya yeye, mimi nasema afya. Mwaka huu nikajitia ustaarabu. Mpwa wangu aliyeko chuo kanijaza maneno: "Mjomba usibomoe, nyumba za zamani zina akili zake. Karabati kwa njia endelevu." Haya. Matundu ya hewa niliyomlipa fundi wa jipsamu ayazibe, nikamlipa mwingine ayazibue. Bati likapakwa rangi nyeupe. Joto limepungua kweli, ila mchana wapita njia wanafumba macho. Chumba cha uani tumekipandisha kwa tofali za kufungamana, udongo na saruji kidogo, hazichomwi, hakuna mti uliokatwa. Kibali sitaki hata kukizungumzia.

Sasa gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa. Nilimwambia fundi afunge upande wangu. Narudi jioni, gata limeanzia kwangu limepitiliza hadi pembe ya mwisho ya Mama Zuhura, na mteremko wote unakuja kwenye tangi langu la lita 2,000.

"Mzee, kwani nyumba si moja? Likikatwa katikati linapoteza sura."

Sura! Nikanyamaza. Tuseme ukweli, nilinyamaza kwa furaha.

Usiku wa kuamkia leo masika yakafunguka, tangi likajaa mpaka linatapika. Kumbe huyo mpwa wangu msomi kashamfundisha hesabu mama wa watu, na Mama Zuhura anauza vitumbua, hajawahi kupoteza hata shilingi.

"Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja," ananisomea, mkono kiunoni. "Paa langu la mbele ni mita za mraba 40. Tuseme imenyesha milimita 25, hiyo ni lita 1,000. Ndoo 50. Nimeanza na hizi nne, sina haraka."

"Mama Zuhura, tangi nimenunua mimi."

"Na mvua umenunua wewe?"

"Gata ni langu."

"Limefungwa kwenye paa la nani?"

Nikakaza msuli, nikakohoa kiutu uzima, nikamweleza kwa heshima zote kwamba maji ya mwanzo humwagwa kwa sababu ya uchafu wa paa. Na kwa kuwa kunguru wote hulala upande wake, yaliyomwagwa ndiyo yake.

Nilikosea. Kanga ikafungwa kibwebwe.

"Kunguru wangu? Mimi nawafuga? Wanakula jalalani kwako wanakuja kunya kwangu, halafu maji nimwagiwe mimi!" Na huku anachota. Ndoo ya pili, ya tatu.

Mjumbe akaitwa. Akaja, kidumu mkononi.

"Hili ni jambo la kukaa chini tuzungumze," akasema, akakinga kidumu kwenye koki yangu.

Jamani! Nimeuza pikipiki kwa ajili ya hii nyumba! Bodaboda wananiita mjomba wa miguu! Miezi minne nalala na vumbi puani, halafu leo nioge kwa kuomba ruhusa? Na sola bado sijafunga. Nikifunga, si atakuja na ndoo kudai jua lake?

Sasa hivi namsikia ukutani, kabandika maharage. Maji yangu yanachemka, nayasikia kabisa. Na anapikia mkaa, mkaa wenyewe siku hizi vumbi tupu. Juzi nimenunua kopo, namwaga jikoni, chini kuna jiwe. Jiwe, jeusi, limepakwa masizi vizuri kabisa. Nikalirudisha kwa muuzaji, akalipokea, akalifuta vumbi, akalirudisha kwenye kopo.