Yameandikwa kwa Kiswahili, mtoto wa Kigoma anayasikia kwa Kiingereza

Shule zimefungwa. Watoto wako nyumbani Mwanga, Ujiji na Kibirizi mwezi mzima, na televisheni ya umma imeweka makala ya sokwe wa Hifadhi ya Gombe saa tano usiku, kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa Kibirizi huziona kila mchana boti za kwenda Gombe zikiondoka ufukweni kwao. Makala yenyewe yanapoanza, yeye amelala.

Hilo la saa linarekebishika kwa siku moja: wayaweke kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, watoto wakiwa wameshaoga na hawajalala. Lugha ndiyo inayoniuma.

Tangu katikati ya miaka ya 1970, ufuatiliaji wa kila siku pale Gombe umebebwa na Watanzania, wengi wao wa vijiji vya jirani. Mtafiti humfuata sokwe mmoja tangu anapoamka kwenye kiota alfajiri mpaka anapojitandikia kingine jioni. Kila dakika 15 anaandika sokwe yuko wapi na yuko na nani. Akila, anaandika amekula nini. Maelezo ya mwenendo wake huandikwa kwa Kiswahili. Baadaye yanatafsiriwa kwa Kiingereza yasomwe vyuoni huko nje, filamu inatengenezwa, inazunguka dunia, halafu inaturudia ikiwa haina hata neno moja la Kiswahili. Maneno yalitoka hapa!

Watasema kutia sauti ya Kiswahili ni gharama. Sawa, si bure. Lakini gharama kubwa inatokana na kufanya vibaya. Kosa la kwanza hufanyika siku ya kununua: filamu inanunuliwa bila sauti za mazingira zilizotengwa na sauti ya msimuliaji. Hapo fundi hana ujanja, anapunguza Kiingereza na kuweka Kiswahili juu yake, na mtazamaji anasikia watu wawili wakigombana huku ndege na upepo wamepotea. Sauti hizo ziombwe ndani ya mkataba, kabla ya malipo. Kosa la pili ni kutafsiri sentensi kwa sentensi. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo msomaji anakimbia, na anapofika kwenye mtini picha imeshahamia mtoni. Andiko lipunguzwe, hata kwa robo, na msomaji asiharakishwe. Maandishi ya chini ya picha hayawasaidii watoto wa darasa la tatu. Hawawezi kusoma mistari miwili kwa sekunde nne kwenye runinga ya inchi 24 iliyo upande wa pili wa sebule.

Tuchukue tukio moja. Jane Goodall, Mwingereza aliyeanzisha utafiti wa sokwe hao, alifika Gombe Julai 14, 1960, na kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe akichuma kijiti, akakipukutisha majani, akakiingiza kwenye tundu la kichuguu, akatulia. Mchwa askari wanaking'ata kile kijiti. Sokwe anakivuta polepole wasidondoke, anawapitisha mdomoni. Pale anapotulia, msimuliaji naye anyamaze, mtoto asubiri pamoja na sokwe. Wanaosoma tafsiri kwa pupa hulijaza pengo hilo kwa maneno, na somo lote linapotea.

Na ziwa? Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na likizo ya Juni yote ikawa humo ndani. Makala ya dakika 26 yangetosha kumwonesha mtoto wa mvuvi kwamba ziwa lina kina cha mita 1,470, ila kuanzia mita 100 au 200 kwenda chini hakuna oksijeni, kwa hiyo dagaa na migebuka wote wanaishi kwenye lile tabaka jembamba la juu, palepale nyavu za baba yake zinapofika.

Likizo ya Desemba haiko mbali. Waanze na makala moja tu, saa moja jioni, na msimuliaji atafutwe miongoni mwa wale waliozijaza karatasi za kila dakika 15.