Maabara ya biolojia mwaka wa kwanza: afuate mwongozo au abuni jaribio mwenyewe?

Vipindi vya maabara katika kozi za utangulizi wa biolojia huendeshwa kwa namna mbili. Kuna mwongozo wenye kila hatua, ambapo jibu linajulikana kabla mwanafunzi hajashika kisu. Na kuna maabara huria: mwanafunzi hupewa swali na vifaa, njia aitafute mwenyewe. Wengi siku hizi huipigia debe hii ya pili, wakisema anayefuata hatua 12 bila kujua kwa nini ya saba imetangulia ya nane amejifunza kutii, hajajifunza kuchunguza. Hoja ina uzito, ila inasahau mikono.

Chukua jaribio la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye sukari au chumvi nyingi zaidi, kwa viazi mviringo. Unakata vipande vya unene mmoja na urefu wa sentimita 3, unavipima, unavilowesha kwenye mimumunyo ya sukrosi (sukari ya kawaida) kuanzia 0 hadi moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), kisha unavikausha maji ya juu na kuvipima tena. Unachora grafu ya badiliko la uzito kwa asilimia. Mstari unapokata sifuri, ndipo maji hayaingii wala hayatoki kwenye seli kwa jumla. Kwa viazi, mara nyingi ni karibu na moli 0.3 kwa lita.

Kwenye karatasi ni kazi nyepesi. Mezani, makosa huanzia kwenye mmumunyo wenyewe. Moli 1 ya sukrosi ni gramu 342, na lita 1 inayotakiwa ni ya mmumunyo uliokamilika. Mgeni hupima lita 1 ya maji, halafu humwaga sukari ndani. Ujazo unapanda hadi karibu lita 1.2, na chupa aliyoiandika 1 ina takriban 0.83. Kisha kuna kukausha: kwenye kipande cha gramu 2.5, maji ya gramu 0.1 yaliyobaki juu yanaonekana kama ongezeko la asilimia 4. Kipande kilichoachwa na ganda nacho hupitisha maji kidogo upande huo.

Mwanafunzi huyo ukimpa uhuru kamili wiki ya kwanza, hataona hata moja kati ya makosa haya. Grafu ikiyumba, atatafuta maelezo ya kisayansi, labda aseme seli za kiazi hiki zina vijia vingi vya maji, kumbe hakukausha vizuri. Hapo watetezi wa mwongozo wana haki. Wanayo pia kwenye suala la saa na vifaa, hasa darasa likiwa kubwa.

Lakini mwongozo mkali una madhara yake, na mabaya zaidi ni kupika data. Anayejua jibu ni 0.3 atakiondoa kwenye data kipande kilichopungua uzito kwenye 0.2, na ripoti itatoka safi. Hataulizia kwa nini tunatumia asilimia badala ya gramu, maana jedwali limekuja na safu hiyo tayari. Na mwongozo ukisema kipande kimoja kwa kila mmumunyo, hatajua vipande vya kiazi kilekile hutofautiana kiasi gani. Idadi ya marudio hujifunzwa na anayelazimika kuiamua.

Kwa maoni yetu, namna zote mbili zinahitajika, ila kwa mpangilio. Wiki ya kwanza mwongozo uelekeze kwa ukali kutengeneza mmumunyo, kukata na kukausha, lakini usitoe jedwali. Wiki ya pili mwanafunzi, akiwa ameona mstari wake unakata sifuri kati ya 0.2 na 0.4, achague mwenyewe vipimo vipya katikati na idadi ya vipande. Aliye tayari zaidi anaweza kulinganisha viazi vya kawaida na vilivyohifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 4 kwa wiki kadhaa. Baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, kwa hiyo anaweza kutabiri kabla ya kupima kwamba mstari utakata sifuri kwenye namba kubwa zaidi.

Yote haya hayatafua dafu kama usahihishaji haubadiliki. Alama ziende kwenye marudio, kwenye data zote pamoja na zile zilizoharibika, na kwenye maelezo ya kila kipande kilichoachwa nje ya grafu. Ukaribu wa jibu na 0.3 usipewe alama kabisa.