Ukikata Tiketi, Wewe Ni Makumbusho

Wakiulizwa kwa nini mtu mwenye ulemavu hawezi kuingia, viongozi wa makumbusho yaliyomo ndani ya makanisa na nyumba za watawa za kale wana jibu moja wanalolipenda: jengo ni la kihistoria, haliguswi. Mimi silikubali. Nyumba ya watawa ya karne ya 13 haikujengwa ikiwa na nyaya za umeme, kamera za ulinzi wala kaunta ya tiketi. Vyote vilitafutiwa nafasi. Anayetumia kitimwendo naye atafutiwe.

Sidai kuta zibomolewe. Ngazi nyembamba za kujizungusha ndani ya mnara wa kengele haziwezi kugeuzwa lifti, naelewa. Lakini mara nyingi kizuizi ni vidato vitatu tu mlangoni. Kila kimoja kikiwa na sentimita 15, jumla ni 45. Kwa kipimo cha 1:12 kinachotumika sehemu nyingi, yaani urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kupanda, unahitajika mteremko wa mita 5.4. Unaweza kuundwa kwa chuma au mbao, ukakaa juu ya sakafu bila kutoboa jiwe, na kuondolewa siku yoyote.

Penye ugumu wa kweli, wapo waliothubutu. Westminster Abbey ya London, ambayo bado ni kanisa la ibada na iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ilipotaka kuweka maonyesho kwenye roshani iliyo mita 16 hivi juu ya sakafu, ilijenga mnara mpya nje ya ukuta, wenye ngazi na lifti. Maonyesho yalifunguliwa mwaka 2018.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 30, unataja makumbusho moja kwa moja. Maneno "kadiri inavyowezekana" yamewekwa kwenye majengo ya ukumbusho na maeneo yenye umuhimu wa kiutamaduni kwa taifa, si kwenye makumbusho. Kwa maoni yangu, ukishaanza kukata tiketi wewe ni makumbusho, na huna haki ya kujificha nyuma ya maneno hayo.

Mlango wa uani, anakoelekezwa mwenye kitimwendo, nao unaniumiza. Kengele imewekwa juu mno kwa aliyeketi, mlinzi mwenye ufunguo yuko upande wa pili, na njia inapita kwenye mapipa ya taka. Wenzake wameingia kwa lango kuu, wameinua macho na kuona dari yote kwa mara moja. Yeye anatokea pembeni, nyuma ya nguzo.

Na tusiishie kwenye magurudumu. Dari za mawe zilizopinda zinarudisha mwangwi, na sauti ya mwongozaji inamfikia mwenye kifaa cha kusikia ikiwa imevurugika. Kuna vipaza sauti vidogo vinavyoipeleka moja kwa moja kwenye kifaa hicho. Mavazi ya ibada na miswada huwekwa kwenye mwanga hafifu, kama laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ili visichujuke. Ni sawa, ila basi mwenye uoni hafifu apewe kijitabu cha maandishi makubwa, na asiyeona apewe nakala ya sanamu aipapase.

Haya yakisubiri fedha, kuna jambo linaloweza kufanyika leo. Andikeni kwenye tovuti idadi ya vidato, upana wa mlango ulio mwembamba kuliko yote, viti vya kupumzikia viko wapi, na choo kiko ghorofa gani. Kama ghorofa ya juu haifikiki, semeni kabla mtu hajalipa nauli.