Trietilamini Viwandani: Ukungu wa Macho Usipuuzwe kwa Kuwa Unapona

Katika viwanda vya kusubu chuma na alumini, vipuri vyenye matundu ndani, kama vile bloku za injini, huhitaji viini vya mchanga, yaani maumbo yanayoshika nafasi ya matundu hayo chuma kinapomiminwa. Mchanga huo huchanganywa na gundi, hushindiliwa ndani ya kalibu, kisha hupulizwa mvuke wa trietilamini, nao hukauka kwa muda mfupi bila moto wowote. Kemikali hiyo, yenye harufu kali ya samaki na amonia, huwasha macho, pua na koo. Hata hivyo, dhara lake la pekee ni jingine: mvuke ukizidi, konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, huvimba, na mfanyakazi huanza kuona vitu kana kwamba vimefunikwa na ukungu wa buluu, huku taa zikizungukwa na duara za rangi.

Wanaoitetea wana hoja za kweli. Njia hii imepunguza haja ya kuoka viini kwa joto, na kwa hiyo imeokoa nishati na kuwaepusha wafanyakazi na majeraha ya moto. Ukungu wenyewe, kwa kawaida, huondoka ndani ya saa chache mtu akishatoka kwenye mvuke.

Nakubali kwamba jicho hupona, lakini sikubali kwamba jambo linaishia hapo, kwa sababu saa hizo chache mtu huzipitia mbele ya chuma kilichoyeyuka, chini ya winchi, kwenye usukani wa foklifti, au barabarani usiku akirudi nyumbani.

Sheria nazo zimetofautiana mno. Nchini Marekani, kikomo cha serikali kuu kimebaki sehemu 25 za mvuke huu kwa milioni ya hewa tangu 1971. Jaribio la 1989 la kukaza vikomo vya mamia ya kemikali lilibatilishwa mahakamani mwaka 1992. Umoja wa Ulaya umeweka sehemu 2 tu kwa zamu ya saa nane.

Mashine zilizofungwa na mitambo ya kufyonza mvuke na kuuosha kwa asidi ni ghali, na kiwanda kidogo kinastahili muda wa kujipanga. Ila kisipewe ruhusa ya kupima hewa penye mashine pekee: viini vipya huendelea kutoa mvuke vikiwa rafuni, na hapo ndipo wanaovikagua na kuvisawazisha kingo husimama, nyuso zao zikiwa karibu kabisa na mchanga.