Usitaje Betri Mbele ya Tajiri

Kazi yangu mimi ni kufungua mlango. Siuzi saa, sinunui saa. Nafungua mlango wa duka la saa ndani ya moli hapa Dubai, naufunga, na katikati yake natakiwa nitabasamu. Mle ndani kuna saa ambayo bei yake ingenijengea nyumba Pongwe, na ukuta, na kisima, na ikabaki ya kumpelekea mama mkwe anyamaze.

Sasa mwenzangu wa zamu, kijana wa Tabora, ana akili za biashara ambazo hazijawahi kumwingizia hata senti. Juzi kaniambia: "Kaka, hawa Waswisi wamelala. Wangechukua saa ileile, umbo lilelile, jina lilelile, ndani wakatia mashine ya betri, wakauza robo ya bei. Si wangeuza kama karanga za stendi?" Nikamwambia, mdogo wangu, hao unaowaona wakiingia hawanunui saa. Ukiwaletea ya robo bei watakuitia polisi.

Maana kama shida ni kujua saa ngapi, kesi imekwisha zamani. Mkononi nina Casio F-91W, kile kijiplastiki cheusi ambacho dunia nzima imekivaa tangu 1989. Wenyewe wanasema kwa mwezi kitakosea nusu dakika, ikizidi sana. Njoo upande wa pili wa kioo. Saa ya springi na gia, hata iwe na cheti cha Uswisi cha usahihi, inaruhusiwa kuchelewa wastani wa sekunde nne au kukimbia sekunde sita kwa siku. Kwa siku, jamani! Piga hesabu ya mwezi: dakika tatu hazijulikani zilipo, na cheti kipo. Rolex wamejibana mpaka sekunde mbili kwa siku, tuwapongeze, ila kijiplastiki bado kinawatazama nyuma.

Na anayekatwa mshahara ni nani? Mimi. Nikichelewa dakika tano kuweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio, kampuni ya ulinzi imeshakata. Bwana mwenye saa ya dirhamu laki mbili ana miadi saa nne asubuhi, anatokea adhuhuri imeshaadhiniwa, anapokewa kwa kahawa na tende. Halafu anaambiwa saa yake ni "chombo cha usahihi".

Ndani ya saa ya betri mna kijiwe cha kwatsi. Umeme ukikigusa kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, hakilalamiki, hakidai fundi. Ile ya springi kila baada ya miaka kadhaa lazima ifunguliwe, isafishwe, itiwe mafuta, na bili yake ukiisoma unakaa chini. Na wanalipa wakifurahi! Wanasimuliana bili kama watu wanaosimuliana operesheni.

Lakini siri yote iko kwenye mshale wa sekunde. Wa betri unaruka, tk, tk, tk, mara moja kila sekunde. Wa springi unateleza. Hapo ndipo wanapochunguzana. Nimewaona wakisalimiana, mkono umeshikwa, "habari za nyumbani", macho yako kwenye mshale wa mwenzake. Ukiruka tu: feki hiyo. Yaani kupiga sekunde sawasawa kumekuwa aibu. Na Rolex walishatoa ya betri, Oysterquartz, tangu 1977, halisi kabisa, kazi ya mikono yao, na mshale wake unaruka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wameshaachana nayo. Mwenye nayo leo inabidi atembee na maelezo.

Kijana akasema labda ni kwa sababu betri ni mambo ya rahisi tangu mwanzo. Nani kamdanganya? Krismasi ya 1969 huko Tokyo, Seiko walipotoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa dukani, bei ilikuwa yeni 450,000. Hela hiyo ungepata Toyota Corolla. Siku hizo betri ilikuwa na heshima zake! Mwaka uliofuata Rolex, Omega na Patek Philippe wenyewe wakawa wanatia mashine ya betri ya ubia, Beta 21, na wala hakusikika mtu akisema haina roho. Hayo ya roho yamekuja baadaye, bei ilipoporomoka mpaka mlinzi akavaa. Wafanyakazi wa saa huko Uswisi walikuwa karibu 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 wamebaki kiasi cha theluthi. Waliosalimika wakagundua jambo moja la kijanja sana: ukishindwa kuuza usahihi, uza usumbufu. Usubiri miaka kwenye orodha, uibembeleze, uitie ufunguo, uipeleke kwa fundi. Wateja wakapenda.

Bado hakukubali. Akanikumbusha Machi 2022, Omega na Swatch, wale wa saa za plastiki za bei nafuu, walipotoa MoonSwatch: umbo la Speedmaster, ile saa ya Omega iliyokwenda mwezini, ndani betri, kama dola 260 hivi. London wanunuzi wakafurika mpaka polisi wakaitwa, duka likafungwa, na mwaka huo zikauzwa zaidi ya milioni. "Si waliikubali, kaka?"

Waliikubali, sibishi. Lakini jina Swatch limeandikwa palepale usoni, hakuna wa kumchanganya mwenye halisi na mimi. Mwenye Speedmaster kabatini akivaa ya dola 260 Jumamosi, ni mcheshi, hajikwezi. Mimi nikiivaa hiyohiyo ni mlinzi aliyejitahidi. Toa sasa Speedmaster yenyewe, jina kamili, ya betri, kwa robo bei, uone yule aliyelipa bei nzima atakavyokuja na wakili.

Wapo wanaoikubali kimyakimya, nisiwasingizie. Cartier Tank za betri zinatoka vizuri tu, na Patek wamekuwa na Twenty~4 ya betri tangu 1999, almasi pembeni. Lakini muuzaji wetu neno betri halitamki. Anasema, "Hii haikusumbui." Mume anamchukulia mke hiyo isiyosumbua, yeye anachukua ya springi, na anaeleza duka zima kwamba mke wake hapendi vitu vinavyohitaji kubembelezwa kila siku. Mke anamtazama. Mimi natazama mlango.

Kilichonimaliza ni kisanduku. Saa ya springi iliyo otomatiki inajivuta kwa mkono wako unavyoupunga. Ukiivua siku mbili tatu, imekata roho. Sasa tajiri ana saa kumi na mkono wa kushoto mmoja. Basi anauziwa kisanduku cha mbao kilichong'arishwa, ndani kina mota, kinazizungusha saa zake polepole usiku kucha ili zidhani zinatembea. Juzi bwana mmoja, aliyetoka kutuhutubia kwamba mashine ya betri ni maiti, alichagua cha saa nne. Akauliza kama ni lazima kichomekwe ukutani, maana kabatini kwake hakuna soketi. Muuzaji akasema hapana, bwana mkubwa, hilo tumeshalifikiria. Akanigeukia, akanipa noti ya dirhamu mia: nishuke supamaketi, nilete betri zile nene, na risiti nisisahau.