Mabaki ya samaki kugeuzwa peptaidi: sawa, ila sio kila baki

Sato akiingia kiwandani kutolewa minofu, kinachotoka kama mnofu safi ni kama theluthi moja tu ya uzito wake, zilizobaki ni kichwa, ngozi, magamba, mapanki (mifupa yenye nyama iliyobaki baada ya kutolewa minofu) na utumbo, na humo protini imejaa. Kwahiyo wanaosema tuyageuze peptaidi, yaani vipande vifupi vya protini, badala ya kuyatupa yaoze wana hoja nzito na mi niko upande wao, ila sio kwa kila kitu.

Kazi yenyewe inaeleweka. Mabaki yanasagwa na maji, unatia kimeng'enya, iwe Alcalase inayotokana na bakteria au papaini ya utomvu wa papai, unashikilia joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa huku ukiangalia pH (kipimo cha ukali wa asidi) isiyumbe, na kimeng'enya kinakata ile minyororo mirefu ya protini mpaka vinabaki vipande vifupi, vingi vya amino asidi (zile punje zinazounda protini) 2 mpaka 20. Baadaye unapandisha joto karibu nyuzi 90 kukizima, maana ukikiacha kinaendelea kukata na unga unazidi kuwa mchungu, halafu unatenga mafuta na mifupa, unakausha.

Kwa ngozi na magamba sina ubishi kabisa. Huko ndo kolajeni iliko, ile protini inayoshikilia ngozi na ambayo ikichemshwa inakuwa jelatini, na samaki wa maji baridi (maji yasiyo na chumvi yaani, sio ubaridi) wa nchi za joto kama sato kolajeni yao inastahimili mpaka nyuzi 30 na kitu kabla haijalegea, wakati ya samaki wa bahari za baridi kali inaweza kuachia kwenye 15 tu. Na Muislamu anayekwepa jelatini ya nguruwe hapa anapata mbadala.

Shida inaanza kwenye vichwa na mapanki. Jamani hicho ni chakula cha watu! Asiyemudu mnofu ananunua kichwa anapika, watoto wanakula, sasa kiwanda kikianza kugombania mzigo huohuo bei inapanda na anayeumia ni yuleyule aliyekuwa hana uwezo, na protini yake inaishia kwenye kopo la unga wa urembo. Tena kolajeni haina triptofani, amino asidi ambayo mwili lazima uipate kwenye chakula, kwahiyo huwezi kumwambia basi ale huo unga badala ya samaki, ile nyama ya kwenye mapanki ni protini kamili na hii sio. Wenye viwanda watasema vingi vinaoza kabla ya kufika kwa mlaji, na ni kweli inatokea, ila hapo dawa ni barafu na usafiri kabla hujafikiria kimeng'enya.

Halafu kuna hesabu ya nishati ambayo watu wanairuka. Ule mchuzi wa peptaidi kabla ya kukaushwa ukiwa na asilimia 5 tu ya yabisi (kile kinachobaki maji yakiondoka), kupata kilo 1 ya unga lazima uondoe kilo 19 za maji, na hayo maji hayaondoki bure.

Na madai ya afya ndo yananikera zaidi. Eti peptaidi zinashusha presha, zinatibu viungo. Kwenye maabara ni kweli baadhi zinazuia kimeng'enya kinachopandisha presha, lakini kwenye chupa ya maabara hakuna tumbo, mtu akimeza peptaidi tumbo nalo linazikatakata upya. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2011 iliangalia dai la kolajeni na viungo ikasema ushahidi hautoshi. Mgonjwa wa presha asiache vidonge vyake kwa ajili ya unga, na mwenye aleji ya samaki asiuguse kabisa.

Utumbo je? Mi nisingeupeleka kwenye unga wa binadamu. Ini na figo ndo huhifadhi metali nzito, na nyongo ya baadhi ya samaki jamii ya kapu (carp) ina sumu inayoua figo za mtu. Toa nyongo, saga kilichobaki, weka asidi fomiki kama asilimia 3 mpaka pH ishuke chini ya 4, vimeng'enya vya samaki mwenyewe vinamaliza kazi ndani ya siku chache, unapata uji wa peptaidi wa kulishia nguruwe au kuku, bila mtambo wa kukaushia.