Kabla hujaondoka Louisville, vuka mto kwa miguu

Jumapili nilimsindikiza binamu yangu uwanja wa ndege. Alikuja kwangu hapa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, kutoka Dallas, akakaa siku mbili na orodha aliyoitoa mtandaoni: viwanda vya wiski, makumbusho ya magongo ya besiboli, uwanja wa farasi. Alivimaliza vyote. Tunaagana, akaniambia, "Dada, mji wenu mzuri, ila hauna kitu." Tulikuwa tumesimama ndani ya uwanja ambao tangu 2019 una jina la Muhammad Ali, bondia aliyezaliwa mji huu huu. Nilirudi nyumbani na donge kooni.

Kosa ni langu. Nilikuwa zamu ya usiku siku zote mbili, nikaiachia orodha imtembeze mgeni wangu.

Orodha ile haikutaja mto, na bila mto mji huu usingekuwepo. Ohio unateremka zaidi ya kilomita 1,500 hadi Mississippi, na hapa ndipo ulipokuwa na maporomoko. Boti zilikwama, mizigo ikashushwa na kubebwa nchi kavu, watu wakajenga. Ndivyo ilivyoanza Louisville, mwaka 1778.

Lakini ninalotaka kulisema ni la daraja. Big Four lilikuwa la reli, la mwaka 1895. Treni zilipoacha kupita, miisho yake ikabomolewa, likabaki miaka mingi katikati ya maji bila pa kulipandia. Mwaka 2013 likafunguliwa kwa waendao kwa miguu upande wetu, na 2014 upande wa ng'ambo, Jeffersonville, jimbo la Indiana. Hakuna kiingilio. Unapanda kwa njia inayojizungusha kama konokono, unatokea juu, upepo unakupokea. Jioni utawakuta watoto na baiskeli, utawakuta mama zetu wa Bukavu na Bujumbura wamejifunga vitenge, wanasukuma vigari vya wajukuu. Chini yanapita matishari yaliyofungwa pamoja, marefu kama mtaa mzima, yakisukumwa na boti moja tu. Maji ni ya kahawia, yamebeba magogo.

Sasa simama katikati. Ulikotoka, Kentucky, binadamu alikuwa mali. Uendako, Indiana, utumwa ulipigwa marufuku. Umbali wenyewe ni huo unaouona. Watu waliamka kila asubuhi wakaitazama ng'ambo ile, wakarudi kazini kwa bwana. Mitaa michache tu kutoka gatini, Second Street, palikuwa na mazizi ya kufungia watu wa kuuzwa. Kibao kipo, nenda kakisome. Waliouzwa walipakiwa melini, wakateremshwa hadi kwenye mashamba ya pamba ya kusini, na wengi hawakuwaona tena watoto wao. Wengine waliuvuka mto usiku. Na ng'ambo nako hapakuwa salama: sheria ya 1850 iliruhusu wakamatwe na kurudishwa, na katiba ya Indiana ya 1851 ikamkataza Mweusi kuhamia humo. Marekebisho ya katiba ya Marekani yaliyofuta utumwa, Kentucky iliyakataa mwaka 1865, ikaja kuyaridhia 1976. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa!

Nimezaliwa Ujiji, kwenye miembe ya njia ya misafara ya watumwa, na kwetu habari hizi zilisemwa kwa sauti ya chini. Siku ya kwanza kuvuka nilikwenda na jirani yangu, mama mzee wa Fizi, aliyelikimbia Kongo kwa mtumbwi hadi Kigoma. Nilimsimulia. Akashika chuma cha daraja kwa mikono miwili, akayatazama maji muda mrefu. Kisha akasema, "Na sisi tulivukaka usiku, mwanangu." Hatukuzungumza tena mpaka Jeffersonville.

Hayo mengine? Gongo kubwa la besiboli lipige picha, uende zako. Meli ya mvuke, Belle of Louisville, ni ya 1914 na bado inatembea. Ukiwa na hela, panda. Uwanja wa farasi naukubali shingo upande, kwa sababu moja: katika Derby ya kwanza, yaani mbio kubwa za farasi za hapa, 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa Weusi, na aliyeshinda, Oliver Lewis, ni mmoja wao. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902. Baada yake hajashinda Mweusi mwingine mpaka leo. Ukienda, uliza habari zao. Na Ali usimpite: makumbusho yake yako karibu na mto, kaburi liko kwenye makaburi ya Cave Hill, na kwa Wakongomani wa hapa huyo ni ndugu yao tangu pambano lake la ngumi la Kinshasa, 1974.

Binamu, ukiisoma hii, Desemba nimeshaomba likizo. Njoo na viatu vya kutembelea na koti zito, pale juu baridi inakata masikio. Tutamchukua na mama wa Fizi. Safari hii utatembezwa na mimi.